Korja tano, nazi mia

Swali lenu la wiki liliuliza kama mzazi ampeleke mtoto tuisheni wakati wa likizo ili asisahau kusoma na hesabu. Mimi nauza nazi soko la Mgandini hapa Tanga, nina watoto wanne, wa mwisho yuko darasa la tatu, na swali hilo nimelala nalo siku tatu. Nilishika kalamu nikiwa na jibu tayari: hapana, mwacheni mtoto. Mtaani kwetu Makorora shule zikifungwa Ijumaa, Jumatatu asubuhi watoto wako njiani na begi lilelile, wanakwenda kukaririshwa yaleyale. Jioni ni chuoni kwa ustadhi. Mtoto huyo atakwenda lini kwa bibi yake?

Na bibi ndiye ninayetaka kumsema, kwa sababu hesabu mimi nilifundishwa na bibi.

Desemba 1994 nilikuwa nimemaliza darasa la nne. Nilikuwa wa tatu darasani, na kabla ya safari nilikuwa nimesoma tuisheni wiki mbili, hesabu tupu. Mimi na mdogo wangu wa kiume tukapelekwa Kigombe, njia ya Pangani, kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa na minazi yake mwenyewe. Herufi za shuleni hakujua hata moja. Alisoma msahafu, na mambo yake machache aliyaandika kwa Kiswahili, herufi za Kiarabu, kwenye daftari lililokaa ndani ya kasha.

Siku ya tatu wakaja wakwezi, wakaangua, nazi zikarundikwa uani. Kesho yake akaja mchuuzi na gari kutoka mjini. Nazi zilihesabiwa mbilimbili, moja kila mkono. Ukirusha mara kumi umepata korja, yaani ishirini, na kila korja inawekewa kokoto. Mchuuzi alirusha, bibi akakaa juu ya mbuzi ya kukunia akitazama, mimi nikapewa kazi ya kushika makokoto. Nakumbuka yalivyokuwa na joto la jua ndani ya pindo la kanga. Nakumbuka mchuuzi alivyohesabu kama anaimba, na kila akifika saba au nane anamwuliza bibi habari za fulani, na bibi hamjibu mpaka korja itimie. Makokoto yakafika 34.

Bibi akasema, "Haya mwanafunzi, nazi ngapi?"

Nikachukua kijiti nikaandika mchangani, 34 mara 20. Mbili mara nne, nane. Mbili mara tatu, sita. Nikapata 68, nikakumbuka kuna sifuri inadaiwa. Mwalimu wa tuisheni alikuwa akitupigia kelele, "Msisahau sifuri!" Inakaa wapi, na kwa nini inakaa hapo, hakutuambia. Nikaiweka katikati. Nikasimama wima nikasema, "Mia sita na nane."

"Mashallah, mtoto kasoma," mchuuzi akasema, akatia mkono mfukoni.

"Ngoja kwanza, baba." Bibi akaniambia nimwage makokoto chini. Akayapanga matano matano, polepole, kama anayechambua mchele. Akagusa fungu la kwanza: "Korja tano, nazi mia." La pili, mia mbili. Akaenda hivyo mpaka mafungu sita, mia sita. Yakabaki makokoto manne. "Na haya themanini." Hakunitazama mimi, alimtazama mchuuzi. "Mia sita na themanini, baba."

Mchuuzi akalipa zote bila neno. Alijua au hakujua, Mungu ndiye mjuzi. Nazi 72 zingepanda gari bure, korja tatu na kumi na mbili juu, kwa sababu ya mtoto aliyekuwa wa tatu darasani.

Likizo ile kila jioni bibi alinikalisha na makokoto. Mpaka leo mtu akinitajia korja 45, kabla hajafunga mdomo nimeshaona mafungu tisa mchangani, nazi mia tisa. Ndiyo maana nasema hesabu iko nyumbani, tena kwa wingi. Mwisho wa Ramadhani tunatoa zaka ya fitri, pishi moja kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Nyumba ya watu saba ni vibaba 28. Mpe mtoto kibaba apime mwenyewe, umwulize akija mgeni wa nane itakuwaje.

Hapo ndipo nilipokusudia kuishia.

Lakini katika maelezo ya swali mlitaja utafiti wa Marekani, wa Harris Cooper na wenzake, wa mwaka 1996. Wenzetu kule likizo yao ya kiangazi inapita miezi miwili, na mliandika kwamba watoto hurudi shuleni wamerudi nyuma kama mwezi mmoja, hesabu zaidi kuliko kusoma. Nilitaka kuliegemea hilo: mnaona, kinachopotea ni hesabu, na hesabu iko jikoni. Nikarudi kusoma sentensi iliyofuata. Kwenye kusoma, watoto wa nyumba zenye kipato cha kati hawakushuka, walipanda kidogo. Walioshuka ni wa nyumba za kipato cha chini. Nikaweka kalamu.

Mdogo wangu alikuwa darasa la pili mwaka ule. Kila jioni, nikiwa na makokoto yangu, yeye alimsomea bibi kitabu chake cha shule, kidole kinafuata mstari, na bibi anafurahi. Kumbe kitabu kizima alikuwa amekikariri. Bibi aliyeikamata sifuri yangu asingeweza kumkamata yeye, maana herufi zile hakuzijua. Mama naye shule aliiacha mapema. Nami nilikuwa nashughulika na sifa zangu. Mtoto akafika darasa la nne hajui kusoma, ndani ya nyumba inayompenda.

Aliyemgundua ni mwalimu wa tuisheni. Kijana wa mtaani, amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, anafundisha chini ya mwembe. Alimpa kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, akamwambia soma. Mdogo wangu akalia. Kijana yule alikaa naye likizo nzima, ba, be, bi, bo, bu, bila kumcheka. Leo mdogo wangu anaendesha lori, na karatasi za mzigo anazisoma mwenyewe kabla ya kutia saini.

Kwa hiyo jibu langu limenigeukia mkononi. Tuisheni ya hesabu likizoni bado siitaki, labda mtoto awe anakaribia mtihani wa darasa la saba. Lakini kusoma ni jambo jingine. Kama nyumbani hakuna mtu wa kusikia mtoto anapokosea, mpelekeni, mradi watoto wawe wachache na kila mmoja asome peke yake, kwa sauti, maandishi ambayo hajapata kuyaona. Anayeweza kumfikisha mtoto maktaba ya mkoa pale mjini amfikishe. Mimi kusoma najua, ila narudi kutoka sokoni saa moja usiku, na mtoto akinisomea nasinzia ukurasa wa pili. Hilo nalisema kwa uchungu.

Mwezi wa sita wangu atakwenda tuisheni, saa moja kwa siku, kusoma tu. Nimeshazungumza na mwalimu asimpe hesabu. Jumamosi nazi zikishushwa, makokoto atashika yeye, nami nitayapanga matano matano nyuma yake.