Maswali yenu kuhusu zile filamu za zamani za Uingereza

Zile video za watu wanatoka kiwandani miaka ya 1900, ni za kweli au zimetengenezwa na kompyuta?

Za kweli kabisa. Nyingi ni kazi ya Sagar Mitchell na James Kenyon, jamaa wawili wa Blackburn kule Lancashire. Mwaka 1994 mafundi walikuwa kwenye duka la zamani la hao jamaa wawili wakakuta mapipa ya chuma chini kabisa, ndani kuna mikanda kama 800, na sio nakala bali negativu zenyewe zilizotoka kwenye kamera, ndo maana sura zinaonekana safi vile. Peter Worden wa hapo hapo mjini akaitunza mpaka BFI, ile taasisi ya filamu ya Uingereza, wakaichukua mwaka 2000 kuirekebisha. Yaani ingetupwa tu ile, na mikanda ya zama hizo inaoza na kushika moto kirahisi.

Mkuu, mbona kila mtu anakodolea kamera?

Hapo ndo utamu wenyewe ulipo. Wenye maonyesho ya viwanjani walikuwa wanawalipa Mitchell na Kenyon warekodi watu wa mji, halafu usiku au siku chache baadaye wanawatangazia njooni mjione, kwa hiyo sura zikiwa nyingi na tiketi zinauzika. Angalia vizuri utaona kuna mtu anawaelekeza watu wapite mbele ya kamera, na vile vitoto vya kiume vikishapita vinazunguka nyuma mbio vinatokea tena, kofia juu, vinacheka. Hawa hawakurekodiwa kwa siri, walijua na walitaka waonekane, na mimi hicho ndo kinanigusa kuliko mambo yote ya wafalme wa enzi hiyo.

Kwa nini wanatembea haraka haraka hivyo?

Kamera ilizungushwa kwa mkono, kama picha 16 kwa sekunde, ukiichezesha kwa 24 lazima wakimbie. Ikirekebishwa spidi wanatembea kama mimi na wewe.

Wale watoto wanafanya nini kiwandani?

Kazi. Inaumiza lakini ndo hali ilivyokuwa, sheria iliruhusu mtoto wa miaka 12 afanye kazi nusu siku na nusu siku aende shule, na viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa nao wengi sana, sheria ya kuondoa utaratibu huo ikaja kupitishwa mwaka 1918. Ukikatazama kale kabinti kenye shali na viatu vya soli ya mbao, kumbuka kametoka kwenye mashine.

Kwa vile ni bubu, watazamaji walikaa kimya?

Wapi! Kulikuwa na muziki, mwenye onyesho anaelezea, na watu wakijiona wanapiga kelele.

Nimeona zilizotiwa rangi, ni nzuri?

Mimi sizipendi. Rangi ile imekisiwa tu, hakuna anayejua shali ya yule mama ilikuwa ya rangi gani, na mashine inayolainisha picha inaweza kumbadilisha mtu hata sura. Tafuta zile za BFI za nyeusi na nyeupe, uanze na ya Manchester United wakicheza na Burnley mwaka 1902.