Kaichukue pasipoti yako leo, mengine baadaye

Mkuu, acha kufunga begi kwanza.

Unataka kwenda kupigana vita vya nje, na umeuliza mambo matano: dola 1,800 zinatumwaje Tanga, ukifa bima analipwa nani, ubebe nguo gani, uraia utapotea au la, na kama njia ya Horohoro hadi Mombasa ni salama. Halafu katikati, kama kitu kidogo tu, umeandika "pasipoti nimeshampa wakala anishughulikie viza". Nilipofika hapo niliacha chai ikapoa.

Kaichukue. Wewe uko Makorora, hata kama yeye yuko Pongwe, panda baiskeli.

Mimi yalinikuta mwaka 2019. Nilikuwa mlinzi wa ghala hapa hapa mjini, nimepita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Maramba, najiona komando. Aliyenipeleka ni mtu wa baraza letu barabara ya nane, tunakunywa naye kahawa kila jioni, namwita mjomba. Akaniambia Ghuba wanatafuta walinzi wa visima vya mafuta. Nikauza mashine ya boti aliyoniachia marehemu baba, na bangili mbili za mke wangu. Baadaye sana ndipo nikajua mjomba alilipwa kwa kichwa, kama dalali wa mbuzi. Na mbuzi wenyewe angalau huwa wanalia.

Tulishuka usiku, tukapandishwa basi hadi kambi ya makontena jangwani. Asubuhi akapita jamaa mpole, anatabasamu, kashika ndoo ya plastiki ya bluu. Anasema, "Pasipoti humu, za kibali cha ukaazi." Tukatumbukiza mmoja mmoja kama watu wanaotoa sadaka. Yangu ilikuwa mpya kabisa, 150,000 yangu, bado inanuka gundi. Ile ndoo naiona mpaka leo. Mke wangu alinunua ya rangi hiyo hiyo kwa ajili ya dagaa, nikamwambia airudishe dukani.

Kisha mkataba, wa Kiarabu. Sasa mimi ni mtoto wa madrasa, nimesomeshwa Mwambani, na nilitaka wenzangu wanione. Nikausoma kwa sauti! Haukuwa na irabu hata moja, nikawa nabuni tu, na maana sikuambulia kitu. Isipokuwa mstari wa saba: sini, lamu, alifu, hee. Silaha. Neno letu kabisa, nimelitambua kama ndugu yangu stendi. Nikajijibu mwenyewe, si mlinzi bwana, atalinda na fimbo? Nikasaini. Cheka tu, mimi nimeshacheka.

Wiki ya tatu tukaanza kufundishwa kutupa bomu la mkono. Kisima gani cha mafuta kinalindwa hivyo? Msudani wa kitanda cha jirani ndiye aliyenisomea vizuri: tutafanya kazi "mahali popote" mwajiri atakapoona panafaa. Siku chache baadaye tukaambiwa ndege iko tayari, Libya. Haftar, jenerali wa mashariki ya Libya, alikuwa ameanza kuishambulia Tripoli tangu Aprili mwaka ule. Nilikuwa naenda kupigana vita vya watu na ndugu zao, nisijue nampiga nani kwa niaba ya nani.

Nikakataa. Hawakunipiga, hawakunitukana. Wakaniambia sawa, nenda kwenu. Niende na nini? Miezi minne na nusu nimeosha masufuria kwenye kontena kwa sababu kijitabu changu kiko kwenye ndoo ya mtu. Kilichoniokoa ni picha ya ukurasa wa pasipoti iliyobaki kwenye simu ya mke wangu. Ndiyo ubalozi wetu ukanipa hati ya dharura ya safari. Mjomba nilipomfuata alikuwa amehama baraza, sasa anakunywa kahawa Chumbageni, na sikukuu hii kaniamkia kwa kunipungia mkono, mshenzi yule.

Usidhani bwege ni mimi peke yangu. Januari 2020 familia za vijana wa Sudan ziliandamana Khartoum, watoto wao walikwenda kwa ulinzi wa Falme za Kiarabu wakajikuta Ras Lanuf, Libya. Mwaka 2024 wanajeshi wastaafu wa Colombia walipewa hadithi hiyo hiyo ya ulinzi, wakaibukia Darfur.

Umesema wewe si mamluki, unakwenda kwa moyo kama Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Cuba. Che alivuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 na Wacuba wake, jina la vitani "Tatu", Kiswahili chetu hiki, na Novemba akarudi Kongo imemshinda. Lakini alikuwa na serikali nzima nyuma yake. Wewe una wakala wa Pongwe.

Na hata wa moyo yanawakuta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, 1936 hadi 1939, wageni kama 35,000 walikwenda kuipigania Jamhuri dhidi ya Jenerali Franco aliyeiasi. Wengi hawakufuata pesa. Kambi yao Albacete, pasipoti zikakusanywa, na nyingi hazikurudi kwa wenyewe, majasusi wa Kisovieti walizitamani mno. Aliyemuua Trotsky, mpinzani wa Stalin aliyekimbilia uhamishoni, kule Mexico mwaka 1940 alisafiri kwa pasipoti ya Kanada ya mtu aliyejitolea Hispania akafia huko. Mwenyewe kafa, kijitabu kinaendelea kutembea!

Uraia: Januari 2023, baada ya Mtanzania mwenzetu kufia Ukraine akiwa na Wagner, kundi la mamluki wa Urusi, serikali ilisema sheria zetu haziruhusu raia kujiunga na jeshi la nje. Mengine uliyouliza wadau watakujibu, mimi hata nimesahau yalikuwa nini.

Wakala akikwambia pasipoti iko Dar, muulize Dar ipi, kwa nani, na uondoke na jina la mtu. Akizungusha, nenda Uhamiaji leo leo kabla hawajafunga. Ukishaishika mkononi piga picha uweke humu, ya jalada tu, ndani usifungue. Nitakuwa macho mpaka saa sita.