Swali la lugha: "Inatibu maji yenyewe", ipi hiyo yenyewe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya kuandika maelekezo ya Kiswahili ya kifaa kinachofungwa kwenye jakuzi la nyumbani ili mwenye nyumba asihangaike kutia dawa kwa mkono kila mara. Nimeandika: "Mashine hii inatibu maji yenyewe, kwa hiyo jakuzi lako linajisafisha." Mwenzangu analikataa neno "inatibu". Anasema maji hayaumwi, hivyo hayatibiwi. Niandike "inasafisha" au "inatakasa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwenye "kutibu" umeshinda wewe. Ila sentensi yako ina matatizo mengine mawili ambayo mwenzako kayapita bila kuyaona, na moja linaweza kumletea mtu maradhi.

Hoja kwamba maji hayaumwi inavutia, lakini Kiswahili hakiifuati. Dawa tunapaka viatu na tunasugulia meno, na kiatu hakijawahi kulazwa. Kitenzi "kutibu" hakikwenda mbali kama "dawa": hakuna asemaye ametibu viatu. Hata hivyo maji hutibiwa, na nguzo ya mbao iliyoshindiliwa dawa ya kuzuia mchwa huitwa nguzo iliyotibiwa. Mimi naona tofauti iko hapa: dawa ikipakwa juu tu, tunasema kupaka; ikiingia ndani ya kitu na kubadili hali yake, "kutibu" kunakubalika. Klorini, dawa ya kuua vijidudu inayoyeyuka majini, imeingia ndani kabisa.

"Kusafisha" ni kazi nyingine. Ukisafisha kitu, uchafu unatoka. Kifaa cha klorini hakitoi kitu, kinaua. Nywele, jasho lililobakiza chumvi zake, mafuta ya ngozi na losheni vinabaki humo humo mpaka vinaswe na chujio au maji yamwagwe. Hatukuunganisha bure maneno mawili tunaposema "maji safi na salama". Maji ya jakuzi huwa na joto la nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi, na yanaweza kuwa maangavu hata ukaona skrubu iliyo chini kabisa, huku yamebeba Pseudomonas, bakteria wanaoleta vipele vya ngozi, au Legionella, ambao mtu huwavuta na mvuke na matone madogo hadi mapafuni. Hayo ni maji safi yasiyo salama. Kwa hiyo "kusafisha" ukuweke kwa chujio na kuta za jakuzi, mahali ambapo mkono unafanya kazi.

"Kutakasa" sikatai kwa maji ya kunywa, kwani watu wameshalizoea. Kwenye jakuzi linanukia utakatifu kupita kiasi, na linaahidi maji yasiyo na doa lolote. Achana nalo.

Sasa tuje kwenye "yenyewe". Mashine iko katika ngeli ya I-ZI, nayo huleta "yenyewe". Maji nayo huleta "yenyewe". Basi "mashine hii inatibu maji yenyewe" inasomeka kwa njia mbili: mashine inafanya kazi bila kushikwa mkono, au inatibu maji tu na kuacha vingine. Kuivuta mbele hakusaidii sana, maana "mashine yenyewe inatibu maji" inaelekea kumaanisha mashine hasa, ile tunayoizungumzia, kama tunavyosema "bosi mwenyewe kaja". Dawa yake ni kubadili nomino. Andika "mfumo huu unatibu maji wenyewe" au "kifaa hiki kinatibu maji chenyewe", na utata unakufa papo hapo. Mimi ningechagua "kifaa". "Mtambo" unamletea msomaji picha ya matangi makubwa ya mji mzima, wakati kitu chenyewe kinaenea kwenye kiganja. Ukitaka kivumishi, "kinachojiendesha" kinafaa, na "otomatiki" pia si kosa.

Tatizo la pili ni "linajisafisha", na hili ndilo la hatari. Kiambishi "-ji-" humfanya mtenda na mtendwa wawe kitu kimoja. Paka anajilamba: anayelamba ni paka, kinacholambwa ni paka. Ukisema jakuzi linajisafisha, umemwambia mwenye nyumba kwamba jambo hilo limeanzia na kuishia ndani ya jakuzi, yeye hahusiki. Atakuamini. Hatafungua chujio, hatapima maji.

Ajabu ni kwamba kuna sehemu moja ya kifaa ambayo "-ji-" inaistahili kweli. Vifaa vingi vya aina hii hufanya kazi kwa chumvi. Unayeyusha chumvi kidogo majini, kiasi ambacho ulimi unaihisi kwa shida, maji yanapita kati ya mabamba mawili ya titani yaliyopakwa oksidi ya madini adimu, umeme unapitishwa, na klorini inatengenezeka hapo hapo. Maji yakiwa na chokaa nyingi, ukoko mweupe hujijenga kwenye bamba moja. Ndipo kifaa kinapogeuza mwelekeo wa umeme kila baada ya muda, na ukoko ule unaachia na kuchukuliwa na maji. Mabamba hayo, ndiyo, yanajisafisha. Liandike neno hilo kwenye ukurasa wa mabamba, usilipandishe kwenye jakuzi zima.

Maana kilichobaki kinamhitaji mtu. Vifaa vya chumvi vina tabia ya kupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, na pH ikipanda klorini hudhoofika ingawa bado imo majini. Kiwango kinachopendekezwa kwa jakuzi ni klorini isiyopungua miligramu 3 kwa lita, na pH kati ya 7.0 na 7.8. Kuna vifaa vinavyofuata saa tu: vinatoa kiasi kile kile awe ameingia mtu mmoja au wameingia watano. Vingine vina kihisi kinachosoma maji kwa milivolti na kuongeza dawa kinapoona nguvu yake imepungua. Mweleze msomaji wako anacho kipi, kwa sababu neno "otomatiki" limefunika vyote viwili. Na tafadhali andika "kihisi". Nimewahi kusoma "sensa ya maji" nikadhani maji yanahesabiwa kama watu.

Kuna na hili la "wadudu". Mafundi husema "dawa inaua wadudu", na mtaani inaeleweka. Kwenye maandishi weka "vijidudu" au "bakteria", la sivyo kuna atakayeangalia kama mende anaelea.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kifaa hiki hutengeneza klorini kutokana na chumvi iliyomo majini na hutibu maji chenyewe. Safisha chujio na upime klorini na pH mara kwa mara." Umeona nimetumia "hu-" badala ya "-na-", kwa kuwa maelekezo huzungumzia mazoea ya kifaa, si kinachotokea dakika hii. Kuhusu "jakuzi lako", umepatia ngeli. Wapo wanaosema "jakuzi yako" nao hawaeleweki vibaya, lakini ukianza na "lako" basi kurasa zote ziwe na "lako".