Kalahari mnabeba maji yenu

SWALI: Kaka shikamoo. Sisi washkaji wanne wa Ngamiani hapa Tanga, mwakani tunataka kushuka na gari mpaka Botswana kwenye ile hifadhi ya Kalahari ya Kati, kulala porini tumezoea maana Mkomazi na Saadani tunaenda sana. Je malazi ya huko yakoje, na Agosti inafaa? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Agosti mimi nasema hapana. Kwetu kiangazi wanyama wanajazana kwenye mto au bwawa lililobaki, ila Kalahari hakuna mto unaotiririka, hata bonde la Deception ni mto uliokufa zamani sana, sasa mvua zikianza kati ya Desemba na Aprili humo bondeni zinaota nyasi fupi tamu na ndo choroa, wale wanyama wa pembe ndefu zilizonyooka, wanamiminika, na nyuma yao duma na simba wale wa manyoya meusi shingoni. Halafu Juni na Julai usiku baridi inafika mpaka barafu, watu wa pwani mtaumia.

Malazi, loji zipo chache tu kama Tau Pan na Kalahari Plains, ni dola mamia kwa kichwa kwa usiku mmoja. Nyie chukueni kambi za hema, ila viwanja ni vichache na havina uzio, mnabuki mapema sana. Mtakuta choo cha shimo na ndoo ya kuogea inayoning'inia na bomba lake, na hiyo ndoo ni tupu! Maji mnabeba nyie, weka lita 10 kwa kichwa kwa siku, kwa watu wanne siku nne ni madumu 8 ya lita 20. Mafuta jazeni mjini Maun, ndani hakuna sheli wala duka, na hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 52,800, yani Mkomazi zaidi ya 16.

Gari iwe fo-wili, na hili naomba mlishike kweli: msimu wa mvua nyasi katikati ya njia zinarefuka, mbegu zinaziba rejeta na majani yanajikusanya juu ya bomba la moshi, magari yameungua hivyo. Fungeni wavu mbele ya rejeta, na kila mkisimama mmoja alale chini aangalie uvunguni ayatoe yote, ila kwanza azunguke gari aone kama hakuna simba kwenye kivuli.