Kibuyu Kisichonuka Moshi

Swali lenu la wiki hii: "Makumbusho madogo ya maisha ya wafugaji yana faida gani kwa mkazi wa Nairobi?" Najua wengi watajibu habari za watoto, wapelekwe wakajue asili yao. Hapo sina la kusema. Mimi nina bucha Huruma, si mbali na machinjio ya Kiamaiko, na kwa miaka kumi na minne kondoo kwangu amekuwa kilo tu. Nitajibu kama muuza nyama.

Makumbusho ya Narok sikuyaendea kwa kupenda. Nilikwenda kutafuta kondoo, lori la kuwabeba likaharibikia njiani upande wa Mai Mahiu, na mzee ninayenunua kwake akachoka kuniona nikikodolea simu macho. "Twende ukaone vitu vyetu, kijana wangu," akaniambia, "usije ukanikasirikia bure." Jumba ni dogo. Ukitembea mwendo wa Nairobi utalimaliza chai yako haijapoa. Linahusu jamii zinazosema Kimaa: Wamaasai, Wasamburu na jamaa zao. Mna michoro ya Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa, ambaye pia alizunguka nchi akiwachora watu wa Kenya kwa rangi. Hiyo niliipita haraka. Mzee hata hakugeuza shingo.

Aliposimama ni kwenye kibuyu cha maziwa. Akainama, akasogeza pua, akanusa. "Huyu ni marehemu," akasema.

Nikadhani ni utani. Kumbe kibuyu cha maziwa hakisuuzwi tu kwa maji kikaanikwa. Mama huchukua kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, ncha yake ikiwa kaa la moto, akasugua nacho ndani hadi moshi ushike. Moshi huo ndio unaochelewesha maziwa kuharibika, na ndio ladha yenyewe. Mzee aliapa kwamba utotoni angeweza kufumbwa macho na bado akayatambua maziwa ya nyumba ya mama yake. Na hicho kibuyu mbele yetu, kilivyopendeza na shanga zake, kilinuka vumbi.

Basi akafunguka. Alianza kuchunga akiwa mdogo kiasi kwamba wana-kondoo walimwangusha. Alipewa hao na ndama, karibu na boma. Baadaye mbuzi na kondoo wakubwa, mwisho ng'ombe. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu mifugo. Jioni alisimama langoni akawatazama wakiingia, na asiyekuwepo alijulikana kwa rangi na sura, kama wewe unavyojua ni nani hajafika mezani. (Mimi nikipokea kondoo hamsini nawahesabu mara tatu na bado dalali ananipiga mmoja.)

Nikauliza swali la kibiashara: kondoo mwenyewe yuko wapi? Niliona rungu, niliona ngozi, lakini kondoo wenyewe, wale wekundu wa Kimaasai, sikuwaona popote. Labda niliharakisha. Mzee akacheka vibaya. "Hata kwangu utawatafuta."

Hapo ndipo nilipojikuta ndani ya hadithi. Kondoo mwekundu ana manyoya mafupi yasiyofaa kwa sufu, mkia wa mafuta, mwili mdogo. Mafuta hayo ndiyo aliyokuwa akipewa mama aliyetoka kujifungua. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 wafugaji walianza kuletewa Dorper, kondoo aliyezalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Persian mwenye kichwa cheusi. Dorper hukua upesi, huwa mzito, na sisi wa mabucha humlipia uzito huo bila kuuliza kitu kingine. Watu wakachanganya mbegu mpaka mwekundu halisi akawa wa kutafutwa kwa tochi.

Ila mwekundu ana siri yake: minyoo ya tumbo haimwezi kirahisi. Watafiti wa mifugo wenye makao hapa hapa Nairobi, ILRI, waliwaweka pamoja aina hizo mbili kule Diani kuanzia 1991 hadi 1996, pwani penye joto na unyevu ambao minyoo huupenda. Wana-kondoo wa Dorper ndio waliokufa kwa wingi. Taasisi hiyo hata leo inafuga kundi la wekundu kwenye ranchi yake ya Kapiti, upande wa Machakos. Kwa hiyo ukitaka kumwona mnyama aliyelisha boma la Mmaasai, makumbusho yake halisi ni kwa watafiti, na mimi ni mmoja wa waliompeleka huko. Mzee alinihesabia kwa vidole Dorper aliowapoteza ukame uliopita. Vidole havikutosha.

Lori lilifika saa kumi. Nikachagua kondoo kumi na wanane, karibu wote machotara, na katikati yao dume mmoja mwekundu, mwembamba, macho makali. Mkono wangu ukamshika mgongoni wenyewe, mdomo ukataja bei ya chini wenyewe, kama kawaida.

Mzee hakubishana. Alimshika sikio, akamtoa kundini, akamkabidhi mjukuu wake amrudishe nyumbani. Nikaondoka Narok na kumi na saba.