Kwa nini Potosí walichanganya zebaki na chumvi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi huchenjua dhahabu Geita. Nimesoma kwamba mji wa Potosí, Bolivia, ulikuwa unaelekea kufa ukafufuliwa na zebaki, na kwamba zebaki hiyo waliichanganya na chumvi. Sisi hatutii chumvi. Ilikuwa ya nini? Nami nikitia, nitapata zaidi?

Jibu: Marahaba. Dhahabu yako imekaa kwenye jiwe ikiwa dhahabu tayari. Kazi ya zebaki ni kuinasa tu. Potosí walichimba fedha, yaani silva, si dhahabu, na sehemu kubwa ilikuwa imefungamana na salfa, na zebaki peke yake haiwezi kuivunja ndoa hiyo. Chumvi, ikisaidiwa na misombo ya shaba, huigeuza kuwa kloridi ya fedha. Hapo zebaki huitoa ile klorini na kuimeza fedha iliyobaki.

Uchimbaji katika Cerro Rico, mlima wa Potosí, ulianza mwaka 1545. Mawe ya juu yalikuwa tajiri kiasi kwamba wenyeji wa milima ya Andes waliyayeyusha kwa guayra, tanuri ndogo za udongo zenye matundu, zilizowekwa vilimani ili upepo uvuvie moto. Ufundi huo ulikuwa mikononi mwao, na Wahispania waliwategemea. Miaka ya 1560 mawe mazuri yakapungua, uzalishaji ukashuka.

Mwaka 1572 Francisco de Toledo, mtawala wa Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania, alileta mbinu ya zebaki iliyokuwa tayari ikitumika Mexico. Mawe duni yaliyokuwa yametupwa yakawa mali. Lakini lazima yasagwe yawe unga, na karasha (mashine za kusaga mawe) za wakati ule ziliendeshwa kwa maji. Mji uko mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari na mvua ni za msimu, kwa hiyo yakajengwa mabwawa milimani. Mwaka 1626 bwawa la San Ildefonso lilipasuka, likasomba karasha na watu.

Zebaki yenyewe ilitoka Huancavelica, Peru: ikashushwa hadi pwani, ikasafirishwa kwa meli mpaka bandari ya Arica, kisha ikapandishwa milimani kwa wanyama. Biashara hiyo ilihodhiwa na mfalme, na kwangu hapa ndipo penye kiini cha uchumi wa Potosí. Maofisa wake wakijua umenunua zebaki kiasi gani, waliweza kukadiria fedha uliyopata, na sehemu ya tano ya fedha hiyo ilikuwa ya mfalme.

Nguvu kazi ilipatikana kwa shuruti iliyoitwa mita: kila mwaka wanaume wapatao 13,000 walitolewa vijijini kwao kwa zamu. Unga wenye zebaki waliukanyaga kwa miguu mitupu. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1812 tu.

Sasa mawe yako. Usitie chumvi. Dhahabu inayokukwepa huenda ni chembe ndogo zilizofungiwa ndani ya pairaiti (madini ya chuma na salfa), na chumvi haifungui pairaiti. Anza kwa kusaga laini zaidi, kisha pima marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) maabara. Ukiona bado yana dhahabu, usiyapeleke kwenye sianidi (kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu) kabla zebaki haijaondolewa: sianidi huiyeyusha zebaki pia, ikaenda na maji mpaka visimani.