Ukiuliza Wazhuang walitoka wapi, tenganisha kwanza maswali

Nilipokuwa nasoma Nanning, mji mkuu wa Guangxi kusini mwa China, rafiki yangu Mzhuang, wa kabila kubwa la mkoa huo, alinichukua kwao, upande wa Hechi, kwa sikukuu ya tarehe tatu mwezi wa tatu wa kalenda ya Kichina. Baada ya kula, baba yake alinifungulia kitabu cha nasaba cha ukoo. Babu yao wa kwanza, akasema, alikuwa askari wa Shandong, kaskazini kabisa, aliyekuja na jemadari Di Qing mwaka 1053 kuzima uasi wa Nong Zhigao, kiongozi wa huko kusini.

Wiki moja kabla, darasani, nilikuwa nimesoma kinyume chake: kwamba Wazhuang ni wazao wa Xi'ou na Luoyue, watu waliokuwa wakiishi Guangxi hata kabla majeshi ya Qin, dola ya China ya wakati huo, hayajaiteka mwaka 214 K.K. Nikarudi bwenini nikaandika insha nzima ya kumsuta yule mzee. Nilikosea, na wewe unayeanza kusoma mjadala huu naomba usiifuate njia ile.

Jambo la kwanza: jina, lugha na koo za watu ni vitu vitatu, na kila kimoja kina umri wake. Wataalamu wengi wanaoonekana kugombana wanajibu maswali tofauti.

Chukua jina. Zamani Wachina waliliandika kwa alama ya maandishi yao yenye sehemu inayomaanisha mbwa, tusi la wazi. Baada ya mapinduzi ya 1949 sehemu hiyo ikaondolewa, na mwaka 1965, kwa pendekezo la Waziri Mkuu Zhou Enlai, ikachaguliwa alama yenye maana ya nguvu na afya. Mwanazuoni wa Marekani Katherine Palmer Kaup ameeleza jinsi serikali ya miaka ya 1950 ilivyowakusanya chini ya jina hili watu wengi ambao hawakujiona kuwa kabila moja. Mkoa wao wa kujitawala ulianzishwa 1958; leo wanakaribia milioni 20. Msome, lakini usimsikie akisema kwamba watu hao hawakuwepo. Anazungumzia utambulisho wao.

Lugha inakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapokushauri ukae sana. Fungua ramani, usome majina ya vijiji. Utaona "Na" kila mahali: Napo, na mengine kwa mamia. "Na" ni jaruba la mpunga. Vuka mpaka uingie Vietnam kwa Watay na Wanung, endelea Laos hadi Thailand, jaruba bado ni "na". Mwanaisimu William Gedney alidokeza kwamba chimbuko la lugha hizi liko maeneo ya mpaka wa Guangxi na Vietnam, kwa kuwa huko ndiko zinakotofautiana zaidi ndani ya eneo dogo. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa: Joseph Greenberg alitumia hoja ya namna hiyo hiyo kulitafuta chimbuko la lugha za Kibantu, akalipata mpakani mwa Nigeria na Kamerun.

Hata hivyo, ukiona "Luoyue" katika maandiko ya kale, kumbuka kwamba walioandika ni watu wa kaskazini waliowaita majirani zao wa kusini "Yue mia", yaani Wayue wa makundi mengi. Mwanahistoria Huang Xianfan, Mzhuang aliyezaliwa 1899, alitetea kwa nguvu kwamba watu wake ni wenyeji wa asili. Namheshimu sana, na nadhani kwa jumla alikuwa sahihi. Lakini kutoka jina la kale hadi familia fulani ya leo kuna pengo la miaka elfu mbili, na watu walioana.

Sasa kitabu cha nasaba. Nasaba za Shandong zimejaa Guangxi, hata kwa familia zisizojua lugha nyingine nyumbani ila Kizhuang. Usicheke. Kwetu Pemba bibi yangu alijiita Mshirazi hadi anakufa. Enzi za wafalme, kuwa na babu Mhan, wa kabila kubwa la Wachina, kulikupa heshima, na mara nyingine kulikupa mlango wa mtihani wa serikali. Kwa hiyo mbele ya nasaba uliza maswali mawili: iliandikwa lini, na ilimfungulia nani mlango gani? Pengine askari yule wa Shandong alikuwepo kweli. Mtu mmoja anaweza kuingia katika ukoo bila kuwa chanzo cha watu wote.

Nilirudi Hechi mwaka uliofuata. Safari hii nilikaa jikoni na bibi wa rafiki yangu, mjukuu akitafsiri, nikamuuliza wao wanajiitaje. Hakutaja Shandong, wala Luoyue, wala Zhuang. Alisema "Bouxdoj". *Boux* inakaa mbele ya neno linalotaja watu kama m- na wa- zetu. Neno lote maana yake ni wenyeji wa hapa. Akaendelea kufunga wali wake kwenye majani.